Gwynedd si Mahali Pamoja: Kabla ya Nyumba, Chagua Upande wa Mlima

Watu wanaouliza maisha ya Gwynedd yakoje hutarajia jibu moja, na tatizo huanzia hapo. Kaunti hii ya kaskazini-magharibi mwa Wales ilikuwa na wakazi 117,400 kwenye sensa ya 2021, waliotawanyika katika kilomita za mraba zipatazo 2,500. Katikati umesimama mgongo wa milima ya Eryri, ambao kilele chake, Yr Wyddfa, kina mita 1,085. Kwa aliyekulia Moshi au Nyeri, huo ni mlima wa kawaida tu. Lakini kutoka kileleni hadi baharini ni kilomita 15 hivi, na katika nafasi hiyo finyu hali ya hewa, barabara, kazi, hospitali na hata lugha ya dukani hubadilika. Karibu kila kosa la wanaohamia huku, na makosa kadhaa ya wanaopanga sera, hutokana na kuihesabu Gwynedd kama mahali pamoja.

Kuanzia 1974 hadi 1996 eneo hili lilikuwa wilaya tatu: Arfon kaskazini, Dwyfor magharibi, Meirionnydd kusini. Wilaya zilivunjwa, majina hayakufa, na kwa haki, maana bado ndiyo yanayoeleza mtu anaishi vipi. Arfon ina Bangor, yenye chuo kikuu kilichoanzishwa 1884, hospitali kuu ya Ysbyty Gwynedd na treni ya kwenda London. Ina Caernarfon, makao ya halmashauri, na miji ya machimbo ya sleti, jiwe la vigae vyembamba vya kuezekea, kama Bethesda na Llanberis. Kazi za mshahara wa mwezi, za mwaka mzima, nyingi ziko huku. Dwyfor ni rasi ya Llŷn pamoja na miji ya Pwllheli na Porthmadog: kondoo, ng'ombe, mashua za starehe, watalii. Meirionnydd ndiyo kubwa kwa eneo na ndiyo ambayo watu wake wametawanyika zaidi: Dolgellau, Y Bala, Abermaw, Tywyn, na juu milimani Blaenau Ffestiniog.

Ramani hudanganya. Bangor na Tywyn ziko kaunti moja na zote zina stesheni, lakini reli ya kuziunganisha haipo tena. Njia zilizopita Caernarfon zilifungwa miaka ya 1960, na kipande cha mwisho kikafungwa 1970. Anayesisitiza kwenda kwa treni za kawaida itabidi aingie England hadi Shrewsbury, kisha arudi Wales kupitia Machynlleth. Basi la T2, linalotoka Bangor kwenda Aberystwyth kupitia Caernarfon, Porthmadog na Dolgellau, ndilo uti wa mgongo wa usafiri wa umma, na mwenye kadi ya Wales ya miaka 60 na zaidi hulipanda bure. Reli ya pwani kati ya Pwllheli na Machynlleth hupita kando kabisa ya maji, na kwa sababu hiyo hukatika: dhoruba za Januari 2014 ziliibomoa karibu na Abermaw. Treni zake huja kila baada ya saa mbili hivi. Ukiikosa ya asubuhi, siku ya kazi imeharibika.

Kwa hiyo pima hospitali kabla ya kupima mandhari. Mkazi wa Bethesda hufika Ysbyty Gwynedd kwa robo saa. Wa Aberdaron, kwenye ncha ya Llŷn, anahitaji zaidi ya saa moja kwa gari, na Agosti, magari ya watalii yakijipanga, hakuna anayeweza kukuambia ni zaidi kwa kiasi gani. Wa Tywyn anahitaji karibu saa mbili, ndiyo maana watu wa kusini huenda Bronglais, hospitali iliyoko Aberystwyth, nje ya kaunti na chini ya bodi nyingine ya afya. Mgonjwa ambaye daktari wake yuko bodi moja na hospitali yake iko bodi nyingine asitegemee kompyuta zizungumze: abebe orodha ya dawa zake na nakala za barua zote. Hospitali ndogo za Dolgellau, Tywyn na Alltwen, karibu na Porthmadog, hushona jeraha na kupima kifundo cha mguu. Mshtuko wa moyo ni habari nyingine. Daktari wa meno wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma, ni shida kila upande wa mlima. Dawa za kuandikiwa na daktari, angalau, ni bure Wales nzima tangu 2007.

Kwa muuguzi anayetoka Kenya, hasa tangu makubaliano ya 2021 kati ya serikali za Kenya na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya, jambo hili lina sura nyingine. Bodi ya Betsi Cadwaladr inashika kaskazini yote ya Wales na ina hospitali kubwa tatu: Bangor, Bodelwyddan na Wrexham. Jina la mwajiri kwenye barua ya kazi halikuambii utaishi wapi. Uliza hospitali na wodi kabla ya kulipa amana ya nyumba. Na kwa kuwa jamaa wengi bado wanatumiana matangazo ya kazi za kutunza wazee: mlango wa kuajiriwa kutoka ng'ambo kwa viza ya kazi hiyo ulifungwa Julai 22, 2025. Anayekuuzia nafasi hiyo leo anakuibia.

Gari, basi, si anasa. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uwe mkazi, baada ya hapo haina nguvu na haibadilishwi. Leseni ya Umoja wa Falme za Kiarabu hubadilishwa, ya Oman haimo kwenye orodha. Usisubiri mwezi wa kumi na moja. Omba leseni ya mwanafunzi mapema, kwa sababu mtihani wa nadharia, unaofanywa kwa Kiingereza au Kiwelisi tu, una maswali 50 na lazima upate 43, pamoja na sehemu ya video za hatari. Ukifaulu, cheti cha nadharia kinadumu miaka miwili. Ukifanya mtihani wa barabarani kwa gari la otomatiki, leseni itakufunga kwenye otomatiki, na magari ya bei nafuu vijijini mengi ni ya gia za mkono.

Njia za mashambani zina upana wa gari moja, kuta za mawe pande zote mbili, na vijisehemu vya kupishania. Kijisehemu kikiwa kushoto kwako, ingia. Kikiwa kulia, simama upande wako ukikikabili, umwache mwenzako akitumie yeye. Anayepanda mlima apewe nafasi inapowezekana. Asiyejua kurudi nyuma mita 100 kwenye kona ajifunze kabla hajakutana na trekta lenye tela la majani. Kondoo hulala kwenye lami usiku kwa sababu inahifadhi joto la mchana, na ukimgonga mmoja sheria inakutaka utoe taarifa. Mbwa, mbuzi, farasi na nguruwe wamo pia kwenye sheria hiyo. Paka hayumo, sijui aliwakosea nini. Tangu Septemba 17, 2023 mwendo wa kawaida ndani ya vijiji na miji ya Wales ni maili 20 kwa saa, na watu bado wanaugombania. Majira ya baridi chumvi humwagwa kwanza kwenye barabara kuu. Usiufuate ushauri wa simu ukikupeleka Bwlch y Groes, njia ya mkato yenye mita 545 kutoka usawa wa bahari. Dakika inazookoa Julai utazilipa Januari.

Sasa mvua na jua. Upepo mwingi hutoka kusini-magharibi, umebeba unyevu wa bahari, unagonga mlima na kupanda ghafla. Crib Goch, ukingo ulio karibu na kilele cha Yr Wyddfa, hupata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka na huhesabiwa miongoni mwa mahali pa mvua nyingi zaidi Uingereza. Blaenau Ffestiniog hupata zaidi ya 2,000, ilhali pwani ya Tywyn hupata kama nusu yake. Pwani ya kaskazini, upepo wa kusini ukishateremka mlima ukiwa mkavu na wenye joto, hali hugeuka kabisa: kijiji cha Aber kilifikia nyuzi 18.3 Januari 10, 1971, joto ambalo kwa miaka mingi halikupitwa na Januari yoyote Uingereza.

Jua linahitaji hesabu ambayo mtu wa ikweta hajawahi kulazimika kuifanya. Gwynedd iko karibu nyuzi 53 kaskazini, hivyo adhuhuri ya katikati ya Desemba jua husimama nyuzi 13 hadi 14 tu juu ya upeo, na saa kumi jioni limezama. Chukua nyumba yenye kilima upande wa kusini kinachoizidi kwa mita 300, kilomita moja mbele. Ukingo wa kilima hicho unafika karibu nyuzi 17. Maana yake ni kwamba nyumba hiyo haioni jua kwa wiki nyingi kati ya Novemba na Februari, hata siku isiyo na wingu. Ukienda kuiona Juni, inang'aa na dalali anatabasamu. Fungua dira ya simu, tazama kusini, kisha tumia programu ya kupimia mteremko kuona ukingo uko nyuzi ngapi. Ukivuka 13, paneli za sola za paa hilo zitalala wakati unapozihitaji, ukuta hautakauka, na kuvu itakuwa mpangaji wa kudumu.

Tumefika kwenye ukuta, na hapa tukae kidogo, kwa sababu pesa nyingi hupotea hapa. Nyumba za zamani za Gwynedd ni za mawe, ukuta wenye unene wa sentimita 50 hadi 70, tabaka mbili za mawe na kifusi katikati, zikashikwa kwa udongo na chokaa. Hazina uwazi wa hewa ndani ya ukuta kama nyumba za matofali za karne ya 20. Anayezijua nyumba za mawe ya matumbawe za Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar anaujua ukuta huu tayari: unakunywa maji ya mvua na kuyatoa tena kama mvuke kupitia chokaa. Ugonjwa wake ni ule ule pia. Fundi wa miaka ya 1970 alikuja na saruji, akajaza viungo, akapiga lipu nje, akamaliza kwa rangi ya plastiki. Saruji haifuati mwendo wa ukuta, inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Mvua inayosukumwa na upepo inaingia kwenye nyufa hizo, lakini haiwezi kutoka. Ukuta uliolowa hupitisha joto haraka, upande wa ndani unakuwa baridi, mvuke wa jikoni na wa nguo zinazoanikwa ndani unagandia hapo, na madoa meusi yanaanza pembeni mwa chumba, nyuma ya kabati.

Kinachofuata mara nyingi ni kosa la pili. Mtu anaambiwa ni maji yanayopanda kutoka ardhini, kwa kipimo cha umeme kilichochomekwa ukutani, kisha anauziwa sindano za kemikali. Kipimo hicho kinasoma chumvi iliyomo ukutani sawasawa na maji, na sindano ndani ya ukuta wa kifusi hazina tabaka lolote la kuziba. Au anabandika bodi za jipsamu zenye sponji ya kuzuia joto juu ya ukuta uliolowa. Chumba kinapendeza kwa miaka miwili mitatu, huku nyuma ya bodi ncha za boriti za ghorofa, zilizopachikwa ndani ya jiwe, zikioza taratibu.

Utaratibu sahihi unaanzia nje, juu, kwenda chini. Gata kwanza: simama nje mvua ikinyesha, utazame wapi panafurika, kwa kuwa gata moja iliyopasuka hulowesha ukuta mzima. Kisha bomba la moshi: bati la madini ya risasi la kuziba pale linapokutana na paa, na kofia yenye tundu la hewa kwa bomba lisilotumika. Kisha ardhi: udongo au lami ya nje iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15. Ndipo viungo vya mawe. Saruji itolewe kwa patasi na nyundo. Mashine ya kukatia hula kingo za jiwe na hazirudi. Chimba ndani angalau milimita 25. Jaza kwa chokaa ya haidroliki, ile inayoshika hata penye unyevu, sehemu moja kwa mchanga wenye chembe kali sehemu mbili na nusu hadi tatu. Lowesha kwanza, kandamiza vizuri, funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa isikauke kwa kasi. Kazi hii haifanywi joto likishuka chini ya nyuzi 5, maana barafu huivunja kabla haijashika, kwa hiyo msimu wake ni Aprili hadi Septemba, na mafundi wazuri wa chokaa huwa wameshikwa mwaka mzima. Ukuta mnene unahitaji muda mrefu kukauka, mara nyingine zaidi ya mwaka. Mwenye haraka atarudi kwenye jipsamu.

Paa ni la sleti, na sleti ya huku ni bora kiasi kwamba mandhari ya machimbo yake iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2021. Utajiri wa machimbo ya Penrhyn, yale ya Bethesda, tukumbushane, ulitanguliwa na pesa za mashamba ya watumwa ya ukoo wa Pennant huko Jamaika. Sleti yenyewe hudumu miaka mia na zaidi. Kinachokufa ni msumari. Misumari ya chuma huliwa na kutu, sleti zinaanza kuteleza moja moja baada ya kila upepo mkali, na mwenye nyumba anazirudisha kwa vipande vya risasi vilivyokunjwa mwishoni. Beba darubini unapokwenda kununua. Ukiviona vipande vitatu, ni matengenezo ya kawaida. Ukiona paa limejaa, misumari yote imechoka na paa zima linahitaji kuvuliwa. Jambo jema ni kwamba sleti nyingi zinaweza kurudishwa pale pale kwa misumari ya shaba, ila jukwaa la mabomba na kazi ya mikono ndivyo vinavyokula bajeti.

Gesi ya bomba haifiki vijiji vingi. Boila za huku huchoma mafuta ya taa, yale yale ya kibatari, yanayoletwa na lori na kujazwa kwenye tangi la uani. Lita moja ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi, na boila nzuri hupoteza sehemu ya kumi. Nyumba inayohitaji kilowati-saa 15,000 kwa mwaka itakula lita zaidi ya 1,600. Wauzaji wengi hawaleti chini ya lita 500. Agiza mwishoni mwa kiangazi, mkiwa kijiji kizima kama chama, na uulize mapema kama lori la kawaida linapita kwenye njia yako. Lori dogo huja kwa siku zake. Maji nayo, kwenye mashamba, mara nyingi ni ya chemchemi au kisima: laini, yenye asidi, yanayokula mabomba ya shaba na kuacha doa la buluu-kijani kwenye beseni. Taa ya miale inayoua vijidudu hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu nguvu yake ya kuua huisha kabla ya mwanga wake. Tangi la maji taka lisajiliwe na Natural Resources Wales na linyonywe mara moja kwa mwaka. Likiachwa, tope huvuka hadi mitaro ya kunyonyea ardhini na kuiziba, na hapo tatizo la kunyonya linakuwa tatizo la kuchimba uwanja mzima.

Ongeza dhoruba. Desemba 7, 2024 Darragh ilivuma kwa maili 93 kwa saa Capel Curig, nje kidogo ya mpaka wa kaunti, na nyumba nyingi za kaskazini-magharibi zikakaa siku kadhaa bila umeme. Umeme ukikatika, boila ya mafuta haiwaki hata tangi likiwa limejaa, kwa kuwa pampu yake ni ya umeme. Pampu ya kisima inasimama na taa ya miale inazima. Simu ya mezani, ambayo sasa mara nyingi inapita kwenye intaneti, inakufa pamoja na ruta, na mnara wa simu za mkononi hufuata betri yake ikiisha. Kwa hiyo kila nyumba iliyo mbali iwe na jiko la kuni lililosafishwa bomba, lita 20 za maji ya kunywa, redio ya betri na chaji ya akiba. Mzee, mgonjwa au mwenye mtoto mchanga ajiandikishe kwenye orodha ya kipaumbele ya kampuni ya umeme kabla ya Oktoba. Namba ya kuripoti ni 105, bure. Haya ni ya Llŷn na Meirionnydd zaidi. Bangor mjini ni nadra mambo yote kukatika kwa pamoja, na hiyo ni sehemu ya kodi kubwa unayolipa.

Lugha pia ina upande wa mlima. Gwynedd kwa jumla ina wasemaji wa Kiwelisi asilimia 64.4 kwa sensa ya 2021, wakati Wales nzima ni 17.8. Wastani huo unaficha Caernarfon, inayozidi asilimia 80, pamoja na Bangor, Abermaw na Tywyn, zisizofika nusu. Halmashauri hufanya kazi zake za ndani kwa Kiwelisi, na tangazo la kazi litataja kiwango kinachotakiwa. Anayedhani ni pambo la kisiasa hataitwa kwenye usaili. Shule za msingi hufundisha kwa Kiwelisi, na mtoto mgeni hupelekwa kwanza kwenye kituo cha kuzamishwa katika lugha, kwa kawaida muhula mmoja. Wazazi waliozoea mtoto kuhama kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiswahili na Kiingereza hawashtuki sana, na hiyo ni faida waliyonayo juu ya familia nyingi zinazohamia kutoka Manchester. Kwa Mwislamu, msikiti uko Bangor. Wa Tywyn anaswali nyumbani na kununua nyama kwa jokofu kubwa.

Hadi hapa nimezungumza na anayehamia. Wanaotunga sheria nao wameingia mtego ule ule. Nyumba za mapumziko zimekuwa kidonda cha kaunti: Abersoch, kwenye Llŷn, karibu nusu ya nyumba ni za wageni wa msimu, na shule ya kijiji ilifungwa Desemba 2021. Halmashauri ilianza kutoza nyumba za pili nyongeza ya asilimia 50 ya kodi mwaka 2018, ikapanda hadi 100 mwaka 2021 na 150 Aprili 2023, na mapato hayo hutumika kwenye mpango wa makazi. Hili naliunga mkono bila kusita. Mwenye nyumba anayeiona mara sita kwa mwaka anatumia barabara, zimamoto na ukimya wa kijiji, alipe. Serikali ya Wales nayo iliziba njia ya kukwepa: ili nyumba ihesabiwe biashara badala ya makazi, tangu Aprili 2023 lazima iwe wazi kwa wapangaji siku 252 kwa mwaka na ipangishwe kweli siku 182.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoitilia shaka. Kuanzia Septemba 1, 2024 halmashauri ilitaka kibali cha mipango kwa yeyote anayegeuza nyumba ya kuishi kuwa ya mapumziko au ya kukodisha kwa siku, katika eneo lake lote la mipango, na hatua hiyo ikapingwa mahakamani. Abersoch inahitaji kufuli kama hilo. Je, Bethesda inalihitaji kwa kiwango kile kile? Au Blaenau Ffestiniog, ambako tatizo ni nyumba baridi zenye mapaa yaliyochoka na mishahara isiyoweza kuzitengeneza? Sheria inayopunguza idadi ya wanunuzi hupunguza bei, na bei ikishuka Abersoch kijana wa pale huenda bado asiifikie, ilhali Blaenau anayepoteza ni mwenyeji aliyeweka akiba yake yote kwenye ukuta ule wa mawe. Kufuli lingewekwa kata kwa kata, kwa kuangalia hesabu ya nyumba za pili katika kila kata, lingezuia kinachostahili kuzuiwa bila kumuumiza asiyehusika. Na idadi ya watu wa kaunti ilishuka kutoka 121,900 mwaka 2011 hadi 117,400 mwaka 2021. Vijana hawaondoki kwa sababu ya nyumba pekee. Wanafuata kazi, na kazi za Arfon haziwezi kufikiwa kila asubuhi na aliyelala Tywyn.

Mnunuzi wa leo, kabla ya kuweka sahihi, amuulize wakili mambo matatu kwa maandishi. La kwanza, mamlaka ya mipango ni ipi: Dolgellau, Y Bala na Harlech ziko ndani ya hifadhi ya Eryri, ambayo ina mamlaka yake yenye masharti makali zaidi hata kwa dirisha, wakati Pwllheli, Porthmadog na Abermaw ziko chini ya halmashauri. La pili, nyumba imesajiliwa kwa matumizi gani, na kibali cha kuyabadili kinahitajika siku hiyo au la. La tatu, kama ina sharti la kuuzwa kwa wenyeji tu. Nyumba hizo huwa na bei nafuu, lakini benki nyingi hazitoi mkopo juu yake, na siku ya kuiuza mnunuzi wako naye atakataliwa. Fairbourne ni somo la pekee: mpango wa ulinzi wa pwani wa 2013 ulitazamia kijiji hicho kisilindwe tena dhidi ya bahari kufikia 2054 hivi, na tangu hapo nyumba za pale huuzwa zaidi kwa fedha taslimu. Bei yake itakuvutia kwenye simu. Isome pamoja na jedwali la bamvua za majira ya baridi.